Ukianza kumchunguza Adnan Khashoggi, anza na kamisheni

Wengi wanaoanza kuchunguza maisha ya Adnan Khashoggi, tajiri wa Saudia, hukimbilia boti yake ya kifahari, Nabila, yenye urefu wa mita 86, ambayo baadaye Donald Trump aliinunua kwa dola milioni 29. Iache kwanza. Boti inaonyesha pesa zilikoishia, nawe unatafuta zilikotoka.

Khashoggi alikuwa dalali wa silaha. Hakuwa na kiwanda cha silaha. Alisimama kati ya kampuni za Marekani na serikali ya Saudia, akachukua asilimia yake. Basi kila mkataba ujazie daftarini muuzaji, mnunuzi, bei, kiasi cha kamisheni, na akaunti ilikoingia. Lockheed, kampuni ya ndege ya Marekani, peke yake ilimlipa takriban dola milioni 106 kati ya 1970 na 1975. Kiwango chake kilianzia asilimia 2.5, kikaja kufika hadi 15. Usidhani kampuni ilijitoa mfukoni: kamisheni hupachikwa kwenye bei, na anayeilipa mwishowe ni hazina ya nchi inayonunua.

Kabla ya magazeti, soma kumbukumbu za kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, za 1975 na 1976. Soma polepole, vitenzi hasa. Northrop, kampuni nyingine ya ndege ya Marekani, ilikiri kumlipa dola 450,000 zilizokusudiwa majenerali wawili wa Saudia. "Zilizokusudiwa" si "zilizopokelewa". Hapo una ushahidi wa pesa kutoka kwa kampuni hadi kwa dalali. Hatua ya pili inahitaji ushahidi wake. Wanagenzi wengi huliruka pengo hilo bila kuliona, na kazi nzima hubomokea hapo.

Angalia pia tarehe. Sheria ya Marekani iliyokataza waziwazi kuwahonga maofisa wa nchi za nje ilipitishwa 1977, tena kwa sababu ya kashfa hizi hizi. Malipo ya 1972 usiyapime kwa sheria hiyo.

Kushtakiwa nako si kutiwa hatiani. Alikamatwa Uswisi 1989 kwa tuhuma za kusaidia kuficha mali za akina Marcos, yaani Ferdinand, aliyekuwa rais wa Ufilipino, na mkewe Imelda, akapelekwa Marekani, na 1990 mahakama ya New York ikamwachia huru pamoja na Imelda Marcos. Ukitaja kukamatwa, taja na hukumu.

Unapotafuta nyaraka, jaribu pia tahajia "Kashoggi", na umtenge na Jamal, jamaa yake, mwandishi aliyeuawa Istanbul 2018. Adnan alikuwa amekwisha kufariki London, Juni 2017.