Hadithi fupi ya upelelezi ambamo gofu ni ushahidi
Kwa ndugu aliyeuliza kama ipo hadithi fupi ya upelelezi ambamo mchezo wa gofu si pambo tu, ningependekeza kisa cha Sunningdale (The Sunningdale Mystery; Sunningdale ni uwanja wa gofu huko Uingereza), kilichomo katika mkusanyiko wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie uitwao Partners in Crime, wa mwaka 1929. Kapteni Sessle anakutwa amekufa uwanjani, amechomwa moyoni kwa pini ndefu ya kofia ya kike, na kidokezo kikubwa kimo katika mchezo wenyewe, kwani Sessle, aliyekuwa akicheza vizuri, alionekana kuharibikiwa ghafla baada ya kusimamishwa na mwanamke. (Sisemi zaidi, nisije nikakuondolea utamu.) Kitabu kingine cha Christie chenye gofu, The Murder on the Links cha mwaka 1923, hakijibu swali lako, kwani ni riwaya, na humo uwanja wa gofu ni mahali maiti ilipokutwa tu.