Re: Kwenda Pyramiden, Svalbard, kwa siku moja

Mkuu, umeuliza kama Pyramiden, mji wa Warusi uliofungwa 1998 machimbo ya makaa ya mawe yaliposimama, unafikika kwa siku moja. Unafikika, ila anza na viza, maana hapo ndipo wengi hukwama. Svalbard ni visiwa vya Norway lakini viko nje ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: ukitoka Oslo au Tromsø umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi. Ya mara moja itakukwamisha visiwani.

Kutoka Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, ni kama kilomita 50 na hakuna barabara. Kiangazi ni boti. Mwishoni mwa baridi ni pikipiki za theluji. Boti ikikuta barafu Billefjorden, ghuba ya kuingilia Pyramiden, hugeuza, kwa hiyo acha siku moja ya akiba.

Nenda na mwongozaji mwenye bunduki, kwa sababu dubu weupe hupita hata katikati ya majengo. Majengo mengi yamefungwa, usilazimishe mlango. Usiokote kitu pia, hata msumari: mabaki ya kabla ya 1946 yanalindwa kisheria. Valia sufu ndani, na koti la kuzuia upepo juu.