Kori wangu waliisha sharubu: kokoto, mchanga na uchafu usiouona

Mkuu, umeuliza kama kokoto nyeupe ulizouziwa pamoja na tangi ndizo zinazowamaliza sharubu kori wako wanne, yaani hawa samaki wadogo wa tangini waitwao Corydoras. Kwa yaliyonikuta mimi, kokoto ni nusu ya kesi. Nusu nyingine ni uchafu ulio chini yake.

Nilianza hivyohivyo. Tangi la lita 80, kokoto zinameta, chakula asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache Corydoras wangu wakabaki na vishina tu mdomoni. Nilimlaumu muuzaji weee! Siku nilipozama mkono na kuzichota, ukapanda mchuzi wa kahawia. Chakula kilikuwa kinaingia kwenye mianya ambako hakuna mdomo unaofika, kinaozea humo, na samaki wanashinda juu yake. Sharubu ikishachubuka kwenye ncha kali, bakteria wa kwenye uozo ule wanamalizia kazi.

Samaki hawa ni wa mito ya Amerika Kusini, riziki yao wanaifukua chini. Mwekee mchanga umtazame: anazamisha uso mpaka karibu na macho, anachambua, na mchanga unamtoka mashavuni kama unga kwenye chekecheke. Kwenye kokoto hilo haliwezekani.

Ila mchanga si mchanga tu. Kosa langu la pili lilikuwa kwenda Kigamboni na kiroba. Mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya makombe na matumbawe, na chokaa yake inayeyuka polepole, maji yanakuwa magumu na pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inapanda. Ungekuwa unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika ningekwambia sawa, maji ya kule yanakaribia pH 9. Kori wanataka maji laini, pH 6 hadi 7.5 hivi. Kipimo chake ni rahisi: dondoshea siki kwenye mchanga mkavu. Ukitoa mapovu, huo waachie wenye Tanganyika.

Sasa natumia mchanga wa mto, huuhuu wa mafundi ujenzi. Usugue kati ya vidole kwanza. Ukikukwaruza, achana nao, maana vumbi la kokoto nalo kwa macho linafanana na mchanga. Chekecha, kisha osha kidogo kidogo kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Sabuni marufuku. Mimi nilibadilisha maji zaidi ya mara kumi na mgongo ukaniambia. Mwisho uumwagie maji yaliyochemka, uache upoe.

Weka sentimita 3 hivi, usizidishe sana. Mchanga ukiwa mnene, chini hakupiti hewa, panakuwa peusi na kutoa gesi ya kunuka mayai viza, ambayo ni sumu kwa samaki. Mimi kila wiki napitisha vidole juujuu, navuta uchafu kwa mpira nikiuelekeza juu kidogo ya mchanga, na natoa kama robo ya maji. Mdomo wa pampu uinue, la sivyo punje zitaisaga.

Sharubu zinarudi kama shina halijaisha; za kwangu zilichukua wiki kadhaa. Waongeze wafike sita, peke yao wanakuwa waoga. Ukiwaona wanachomoka juu kumeza hewa mara mojamoja usishtuke, ndivyo walivyoumbwa. Wakifanya hivyo mfululizo, pima maji.

Na siku ya kuwahamisha usitumie wavu, tumia bakuli. Wana miiba kwenye mapezi, wakiogopa wanaikaza. Mmoja wangu alinasa hivyo, ikabidi nikate wavu mpya kwa mkasi huku nimemshikilia ndani ya maji.