Mkuu, weka chini hilo jembe: mnanaa haupandwi ardhini

Mkuu, umesema una miche ya mnanaa na kesho unaichomeka kwenye tuta la nyanya "kujaza nafasi", halafu ukauliza mbolea, namna ya kukausha majani na chai yake kwa tumbo na kwa mtoto mwenye mafua. Mbolea achana nayo kwanza. Usiupande kwenye tuta hilo wala ardhini popote. Tafuta chungu, ndoo iliyotobolewa, beseni bovu, chochote chenye kitako.

Nafasi itajaa, hilo nakuhakikishia. Itajaa mpaka nyanya zikose pa kusimama. Huo unaouona juu ni nusu tu ya habari. Chini ya udongo mnanaa unatuma mashina yanayotambaa, na kila kifundo chake kinaweza kutoa mizizi chini na chipukizi juu. Wangu niliuweka pembeni kabisa ya tuta. Msimu uliofuata ukachomoza katikati ya karoti, kisha ng'ambo ya njia ya kupita. Harufu sikatai. Hakuna mtu mwenye magugu yanayonukia kama yangu.

Ila hasara yenyewe ilikuja nilipotaka kuutoa. Nilichukua jembe nikalima tuta lote kwa hasira. Kumbe kila pigo linakata yale mashina vipande vipande, na kipande kifupi tu chenye kifundo ni mche mpya. Natoka jasho kuuzidisha! Kisha mabaki nikayatupa kwenye shimo la mboji. Mengine hayakuoza, yakaota humohumo. Mboji ilipoiva nikaisambaza kila tuta, hata yale ambayo mnanaa ulikuwa haujayafikia. Yaani niliubeba mwenyewe kwa toroli nikaupeleka. Ikabidi nichambue udongo kwa vidole, konzi kwa konzi, na mashina niyaanike juu ya bati mpaka yakauke na kuvunjika kwa sauti. Mboga za msimu mzima zilienda arijojo, na hadi leo nikimwagilia nakiona kijani kinanichungulia.

Aliyenipeleka huko ni bwana mmoja wa video za bustani, sauti ya upole, kofia pana. Eti mnanaa hauna makuu, uchomeke ardhini uusahau. Kuusahau! Mimi ningeusahau, wenyewe ndio hausahau. Watu wakamwandikia kwamba unatambaa, akajibu zungushia mawe. Mawe! Shina linapita chini ya mawe bila hata kubisha hodi. Yule hajawahi kung'oa mnanaa maishani mwake. Anachomeka, anazima kamera, anakwenda zake kuharibu bustani nyingine.

Na chungu nacho usikiamini sana. Usikikalishe juu ya udongo mtupu, mizizi itapenya matundu ya chini. Kiweke kwenye sakafu au tofali. Tawi refu likiinama likagusa ardhi, likate siku hiyohiyo, maana nalo hutoa mizizi. Aina mbili usizichanganye chungu kimoja, yenye nguvu itaimaliza nyenzake. Ukiona mnanaa umejibana, utoe chunguni, gawanya, panda upya. Na mtu akikuuzia mbegu za ule mnanaa mkali wenye mentholi nyingi (kile kinacholeta ubaridi mdomoni), mpite: ule ni chotara, kwa kawaida hautoi mbegu za kuota, unaongezwa kwa vipandikizi.

Chai haya. Tumbo likijaa gesi, majani mabichi kwenye maji ya moto, funika kikombe ili mvuke usiondoke na mafuta yake. Lakini kama tatizo lako ni kiungulia, mnanaa unaweza kukizidisha, kwa sababu unalegeza msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo. Na huyo mtoto mwenye mafua, kama bado mchanga, usimpake mafuta ya mnanaa puani wala kifuani. Mentholi inaweza kumbana pumzi. Mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Kuvuna ni kabla haujatoa maua. Mengine uliyouliza wenzangu watakujibu. Hiyo miche itie kwenye glasi ya maji, majani yasizame. Haitakufa, tena itazidi kutoa mizizi. Ndoo umeshapata?