Kabati za maonyesho za makumbusho zikipakwa rangi upya, zisubiri siku ngapi kabla ya kuwekwa vitu?

Siku 3 hazitoshi, hata kama rangi imekauka ukiigusa. Rangi ya maji ipe angalau wiki 4, kabati likiwa wazi na hewa ikipita. Ya mafuta usiipake kabisa upande wa ndani. Rangi huendelea kutoa mvuke wenye asidi muda mrefu baada ya kukauka, na kabati likizibwa vizuri mvuke huo hauna pa kwenda. Vitu vya risasi (ile metali laini na nzito) huumia kwanza: vinaota unga mweupe, na hapo umeshachelewa.

Ila kwa kabati za kufungua na kuunganisha upya, kagua pia ubao wa sakafu. Plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) hutoa mvuke kwa miaka. Funika kwa karatasi ya alumini yenye tabaka za plastiki, ukizungushia kingo na kuziba matundu ya skrubu, maana kila ukilifungua kabati matundu mapya yanaachwa wazi. Silikoni inayonuka siki wakati inakauka ni asidi ileile. Chukua ile isiyo na asidi.

Kama huna uhakika na nyenzo, ifanyie jaribio la Oddy, la kuona kama mvuke wake unaharibu metali: siku 28 kwa nyuzi 60 za Selsiasi, ndani ya chupa yenye unyevu pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi.

Vyungu vilivyochomwa vizuri huvumilia mvuke huo wa asidi. Magamba ya konokono wa baharini hayavumilii, na silika jeli haisaidii hapo, kazi yake ni unyevu tu.