Kasi Nayo Ina Haraka?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomea uuguzi hapa Kayole. Tunaandaa kijikaratasi kuhusu melanoma, saratani ya ngozi. Nimeandika "hukua kwa kasi ya haraka". Mwenzangu amenisahihisha: "hukua kwa kiwango cha juu cha kasi ya haraka". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wewe umekosea, naye amekukoleza.

Hiyo "kasi ya haraka" naisikia redioni kila ajali inapotokea: "Matatu ilikuwa ikienda kwa kasi ya haraka." Kumbe kuna kasi ya polepole iliyokuwa stejini ikasusiwa? Kasi ni kipimo cha mwendo. Konokono ana kasi, matatu ya Rongai ina kasi; ila konokono hana makanga wa kumpigia bodi. Tangu 2004 matatu zimetakiwa kufungwa spidi gavana zisizidi kilomita 80 kwa saa. Hiyo 80 ndiyo kasi. Huwa kubwa, huwa ndogo, huongezeka, hupungua. Haraka haina, mwenye haraka ni dereva. Na ukisema "kwa kasi" ukanyamaza, Mswahili keshaelewa ni mbio. Waarabu, tuliokopa kwao "haraka", huliita hivyo tendo lolote la kusogea, lakini tusiwasingizie. Kosa ni letu.

"Kiwango cha juu cha" sitakigusa. Ni kanzu juu ya koti, na jua la Januari.

Wapimaji wa melanoma wenyewe hawana mbwembwe. Huangalia uvimbe umezama milimita ngapi, wakagawanya kwa miezi iliyopita tangu mgonjwa auone. Utafiti wa Melbourne uliochapishwa 2006 ulikuta melanoma ya kinundu ikizama kama nusu milimita kwa mwezi, na ile itambaayo juujuu milimita 0.12 tu. Zote zina kasi, mwanangu! Ya kinundu ndiyo kubwa. Kijikaratasi chenu kimezipakia zote matatu moja.

Andikeni: "Baadhi ya melanoma hukua haraka." Wala msiandike "huenea" mkikusudia "hukua", ikienea, imeshahamia kwingine mwilini, na hayo ni mazungumzo mengine na daktari.

Nafasi mtakayookoa kwa kufuta "kiwango cha juu cha", tajeni nyayo na kucha. Kwetu wenye ngozi nyeusi, melanoma hupenda kujificha huko.