Nyumba Imeshalipiwa Kishika Uchumba? Ingia kwa Karatasi, Pesa Baadaye

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia: "Kaka, nyumba nimeipenda, ila dalali anasema kuna mtu kashatoa kishika uchumba (pesa ya awali ya kuishikilia nyumba). Nikiongeza milioni 5 mwenye nyumba atamwacha. Niongeze?"

Usiongeze kwanza. Kuingia unaweza, lakini uingie kwa barua. Pesa isitoke hata shilingi mpaka yule wa kwanza awe ametoka kwa maandishi.

Anza kwa kujua amefika wapi. Dalali akisema "imeshachukuliwa", huenda kuna mtu alikuja Jumapili, akasifia vigae, akaahidi kurudi. Huyo hana cha kumfunga muuzaji: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi yaliyosainiwa. Huenda ametoa milioni 2 akaandikiwa kikaratasi mbele ya mjumbe; hapo kuna deni na kuna hoja. Na kama mkataba umeshasainiwa kwa wakili na nusu ya bei imelipwa, achana na nyumba hiyo. Ukinunua huku unajua kuna mkataba mwingine, huwezi kusimama Baraza la Ardhi ukasema ulinunua kwa nia njema, na nia njema ndiyo kinga kubwa ya mnunuzi.

Kwa hiyo omba kuiona karatasi yenyewe. Tazama kiasi kilicholipwa, tarehe ya mwisho ya kumalizia, na kama imeandikwa pesa itarudishwa vipi mambo yakivunjika. Vikaratasi vingi havina tarehe ya mwisho. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana mtu anarudi baada ya miezi minne na pesa zote mkononi akidai nyumba yake. Dalali akikukatalia kuonana na mwenye nyumba, na huyo mnunuzi wa kwanza hana jina wala karatasi, huenda hayupo kabisa. Ametungwa ili upandishe bei.

Uliza pia kwa nini mauzo ya kwanza yamekwama, kwa sababu kilichomkwamisha mwenzako kinaweza kukukwamisha na wewe. Mwingine anasubiri mkopo, na mthamini wa benki ameipa nyumba thamani ya chini kuliko bei. Mwingine amegundua nyumba ni ya urithi na pesa imepokelewa na ndugu mmoja ambaye si msimamizi wa mirathi. Mara nyingine mke hajaridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na ridhaa hiyo uitake kwa saini, usikubali ya kuambiwa na mume.

Kama nyumba ina hati, wakili wako afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yataonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki, na zuio kama lipo, yaani taarifa iliyosajiliwa na mtu mwenye madai juu ya nyumba hiyo. Mnunuzi wa kwanza mwenye wakili makini anaweza kuweka zuio wakati wowote, kwa hiyo upekuzi urudiwe siku chache kabla ya kulipa. Nyumba isiyo na hati, kama nyingi za Mbagala au Manzese, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na kwa majirani wa pande zote, uulize waziwazi kama kuna mauziano ya nyumba hiyo wameyashuhudia.

Sasa barua. Ukurasa mmoja unatosha: jina lako na namba ya NIDA, namba ya kiwanja na kitalu, bei kwa tarakimu na kwa maneno, utalipa vipi, na ukomo wa barua, tuseme siku 14. Weka masharti: upekuzi uwe safi, mwenza aridhie, mnunuzi wa kwanza ajitoe kwa maandishi. Mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, asaini kupokea kwenye nakala yako.

Kwenye bei, milioni 5 za juu si silaha pekee. Muuzaji wa Dar mara nyingi anataka bei yake kamili mkononi, kodi zote ziwe juu ya mnunuzi. Kisheria kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa, kama hana kumbukumbu za gharama. Kwa nyumba ya milioni 180, hiyo asilimia 3 haipungui milioni 5.4. Ukijitolea kuibeba umeshampa zaidi ya ile nyongeza ya dalali, na ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1 bado unakusubiri. Piga hesabu hizi kabla ya kutaja bei. Mwenye pesa tayari benki anayeweza kumaliza kwa mwezi mmoja ana nguvu hata bila kuongeza. Ambatisha taarifa ya benki.

Shida kubwa huja kwenye kumrudishia wa kwanza. Kile kishika uchumba muuzaji keshakitumia, kimeishia kwenye ada ya shule, na anataka cha kwako akamlipie. Usimpe yeye. Kaeni watatu kwa wakili: mnunuzi wa kwanza asaini kuvunja makubaliano, muuzaji asaini kuwa kiasi hicho kinakatwa kwenye bei, nawe usaini mkataba wako siku hiyohiyo. Pesa ihamishwe benki moja kwa moja kwenda kwa mnunuzi wa kwanza, naye arudishe kile kikaratasi halisi cha mjumbe kibanwe kwa pini kwenye jalada lako. Picha ya simu haitoshi, maana karatasi halisi ikibaki mfukoni mwake anaweza kuirudia.

Akikataa kuja kwa wakili, subiri tarehe ya mwisho iliyo kwenye karatasi yake ipite, kisha muuzaji ampe notisi ya maandishi kupitia wakili. Siku 14 zako zikiisha kabla ya hapo, andika barua nyingine au tafuta nyumba nyingine.